Mama Hakujua Kuoka

Mama yangu, Dympna Harkin, alishona kola za mashati miaka thelathini na moja katika kiwanda kimoja pale mjini Derry, na sijaona aliyemshinda. Wala hakuchelewa king'ora, ila siku moja tu. Kilipolia saa mbili kasorobo, mama alikuwa ameshakaa kwenye cherehani, mkasi unaning'inia shingoni, na mdomo umeshaanza kazi. Mdomo ule, Mungu amrehemu, haukuwa na breki.

Ila jikoni, jamani, hapana. Mama alikuwa na uwezo wa kuunguza chai.

Aliyepika kwetu ni baba. Msicheke. Viwanda vya Derry vilitaka wanawake. Wanaume wengi walishinda kwenye kona ya mtaa, mikono mifukoni, wakingoja kazi isiyokuja. Baba yangu Hughie alikuwa kuli bandarini mpaka meli zilipopungua. Alisimama konani na wenzake miezi minne, kisha siku moja akaingia ndani, akafunga pazia, akakanda unga. Hakuna aliyemfundisha. Unga, chumvi, magadi, maziwa ya mgando, mkono mwepesi, halafu msalaba juu yake kwa kisu. Mkate ulipoiva akaugeuza, akaugonga kitako kwa kidole, ukaitika ko ko ko. Sisi watoto watano tuliula mpaka makombo.

Lakini pazia lazima lifungwe. "Majella," aliniambia mimi, mkubwa wao, "mtu akiuliza, kaoka mama yako kabla ya kwenda kazini. Ukiropoka nakukata masikio." Nguo pia alifua yeye, akazianika jikoni, tukawa tunakula viazi vya jioni huku soksi zinatudondoshea maji. Mama alimshonea aproni kwa vipande vya mashati, yenye kola ndogo na vifungo vitatu, kazi safi kabisa. Baba akaitazama kama kapewa nyoka.

"Mimi nivae hii? Barney Toland wa pale konani akiniona, nahama mji."

"Basi," mama akasema. Ilimuuma, niliona. Akaitia mwenyewe kwenye droo ya chini, na humo ikakaa miaka mitatu.

Sasa, ule mdomo. Kila mchana kiwandani mama aliwamegea wenzake mkate, wakausifu, na yeye badala ya kula na kunyamaza, akawa anawaeleza anavyouoka. Sadie Coyle wa cherehani ya pili akamwambia, "Shoga, si uupeleke basi kwenye mashindano ya tamasha la parokia?" Mwingine angesingizia mafua. Mama akabeba mkate wa Jumamosi, akaupeleka, baba hana habari.

Ukashika nafasi ya kwanza! Mbele ya wanawake arobaini wanaooka tangu wakiwa wadogo. Na Padri McElhinney, mtu wa furaha zake, akatangaza hapohapo: "Jumapili ijayo baada ya Misa, Bi Harkin atatuonyesha ukumbini anavyoufanya!"

Wiki ile kwetu, we acha tu. Baba alinuna siku mbili nzima.

"Nani alikutuma?"

"Mdomo wangu."

"Na sasa utafanyaje?"

"Nitaoka."

"Utaoka! Wewe!"

Akamfundisha kila jioni, pazia limefungwa. Mkate wa kwanza mbwa wa jirani aliunusa, akaenda zake. Ijumaa mama akachoka. "Hughie, nikisema kweli si yanakwisha?"

Baba akabadilika rangi. "Nakuomba, Dympna. Kazi hatuna sote pale konani, hilo hatuchekani. Lakini hili..." Mama akamshika shingo kwa mikono miwili. "Basi sisemi. Niaibike mimi, uso wangu mgumu."

Jumapili ukumbi ulifurika. Wanawake wa kiwandani mbele, wanaume wamebanana mlangoni, Barney katikati yao na baba nyuma yake. Mama akapanda jukwaani. Mikono iliyoweza kushona kola gizani haikujua pa kushika. Akamwaga maziwa yote kwa mkupuo, ikawa uji. Akaongeza unga, ikawa saruji.

"Dympna, unajenga nyumba?" Sadie akauliza, na safu nzima ikaangua kicheko. Padri akakohoa. Mama anakanda tu, unga kwenye nyusi, anatabasamu, hasemi neno. Mwanamke asiyejua kunyamaza tangu abatizwe, amenyamaza! Nilitaka kulia. Nikageuka kumtafuta baba mlangoni, sikumwona.

Nilimchukia pale, sifichi. Nikasema moyoni, amekimbia.

Na kweli alikuwa amekimbia, mpaka nyumbani na kurudi. Mlango ukafunguka, huyo anaingia, anahema, kavaa ile aproni, kola imesimama, vifungo vyote vitatu vimefungwa.

"Loo! Hughie kavaa gauni!" Barney akapiga kelele. "Huyu kalishwa limbwata!"

"Nimelishwa mkate wangu mwenyewe, Barney, na wewe ulikula vipande vinne kwenye matanga ya mama yako, ukaomba na siagi." Akapanda jukwaani. "Dympna, mpenzi, toka hapo kabla hujaua mtu. Akina mama, mkate naoka mimi, mwaka wa nne huu. Wa kucheka acheke sasa, maana nikishatia maziwa sitaki kelele."

Walicheka weee, mpaka Sadie akafuta machozi kwa leso. "Hughie, bwana, kiwanda kizima tunajua! Mkeo anaunguza maji! Tulikuwa tunangoja tu nyinyi wawili mtasema lini."

Baba akaoka. Ule mkate uliisha kabla haujapoa. Na jioni nikasikia mlango wa nyuma unagongwa taratibu: Barney, kofia mkononi. "Hughie, wangu mimi unatoka tofali. Nakosea wapi?" Baba akamvuta ndani.

Jumatatu asubuhi mvua ilikuwa imepumzika kidogo. Baba akafunga kamba nje, mbele ya nyumba, mtaa mzima unaona. Akaanika mashuka, akaanika soksi zetu, na katikati akaanika aproni. Wanaume wa konani wakamkodolea macho. Akawapungia mkono, vibanio vimejaa mdomoni.

King'ora cha kiwanda kikalia. Mama alikuwa bado kizingitini, kikombe cha chai mkononi, anamtazama.

"Dympna, king'ora!"

"Nimekisikia," mama akasema, wala hakusogea.