Umeme Ashika Randa ya Mkono

Mtaani kwao watu walimwita Umeme, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Ndiye seremala wa kwanza pale kununua randa ya umeme, na siku alipoichomeka aliacha mlango wa karakana wazi makusudi, ili kila apitaye aisikie. Randa zake nne za mkono, alizopewa na baba yake mdogo aliyemfundisha kazi, alimuuzia mnunua vyuma chakavu wiki hiyohiyo. "Vijiko hivyo," alisema. "Nani siku hizi anachimba kisima kwa kijiko?" Watu wakacheka, kichwa kikamvimba, na kusema kweli kazi ilikwenda: milango, vitanda, makabati ya jikoni, miaka ishirini na sita.

Vumbi ndilo ambalo hakulitia akilini. Baada ya randa huja msasa, na mashine yake ya msasa ilimwaga unga mwembamba uliotua kila mahali, kwenye nyusi, kwenye penseli ya sikioni, juu ya chai kama hujaifunika. Barakoa aliitundika kidevuni kwa sababu eti ilimzuia kuongea, na Umeme asipoongea anaumwa. Kikohozi kilianza taratibu. Kikajifanya mafua, kikajifanya baridi ya asubuhi, mwisho kikaacha kujifanya. Ikafika siku akashindwa kupanda ngazi tano za posta bila kusimama katikati na kujitia anasoma matangazo ukutani.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, umri wa binti yake wa kwanza. Alimsikiliza mgongoni, akampa kibomba apulize, akamwambia bila kupepesa macho.

"Mzee wangu, mapafu yako yameumizwa na vumbi la mbao. Ukiendelea hivi, miaka miwili ijayo utakuwa unapumulia mtungi wa oksijeni. Acha kazi hiyo upumzike, halafu miezi mitatu ikipita nikuone tena."

Nyumbani alimwambia mkewe, "Amesema nipumzike." Habari ya mtungi aliimeza.

Karakana ikafungwa. Mkewe alikuwa fundi cherehani na alishonea chumba cha mbele, kwa hiyo sasa alikuwa na mume siku nzima miguuni pake. Umeme alikaza skrubu za viti vilivyokuwa vizima. Aliinyoosha meza ya cherehani mpaka ikaanza kuyumba. Alifungua na kufunga droo moja mara kumi, akasema inakwama, nayo haikuwa inakwama. Shemeji yake, kaka wa mkewe, akaja na habari kwamba anatafuta chumba cha kuuzia vipuri vya simu, na kama karakana imelala tu, mwisho wa mwezi angekuja kuchukua ufunguo. Umeme akasema sawa. Alikuwa na hofu. Kufa hakukumtisha sana. Kilichomtisha ni kuamka kila asubuhi akiwa si seremala, ni mtu tu mwenye penseli sikioni.

Zikiwa zimebaki siku nne mwezi uishe, mkewe alimwekea karatasi mbele ya sahani. Maonyesho ya zana za useremala, Jumamosi, ukumbi mkubwa karibu na stendi.

"Wewe mama watoto una mambo," Umeme akasema. "Mtu kakatazwa kula, unampeleka karamuni?"

"Twende ukaangalie tu. Macho hayakohoi."

"Sitaki."

"Basi nisindikize mimi. Nataka mkasi."

"Mkasi kwenye zana za useremala?"

"Huwezi kujua," alisema mkewe, na alipokwisha kusema hivyo shati la Umeme la kutokea lilikuwa tayari limepigwa pasi.

Ukumbini, mlangoni tu, mashine zilikuwa zinanguruma pande zote mbili. Mafundi vijana walikata, walitoboa, walisugua, na vumbi lilining'inia chini ya taa. Umeme alijaa furaha kwa hatua kumi, kisha kifua kikambana. Alikohoa akashika nguzo. Watu wakageuka. Akamwambia mkewe kwa sauti ya mtu aliyeshindwa, "Nirudishe nyumbani." Mkewe wala hakubishana. Alimshika mkono, lakini badala ya kumwelekeza mlangoni akamvuta kupitia katikati ya watu hadi kona ya nyuma kabisa, mahali ambapo hapakuwa na kelele, akamkalisha kwenye benchi.

Mbele ya benchi kulikuwa na meza nzito ya kazi, na juu yake randa za mkono zimepangwa kwa ukubwa. Zilikuwa mpya, za chuma cheusi na shaba, vishikio vya mbao vimeng'arishwa. Nyuma ya meza alisimama mwanamke mnene mwenye aproni ya turubai, sauti yake inafika hata usipotaka. Alikuwa amebana ubao wa mtiki kwenye jiliwa, anaupiga randa huku anahubiri. Maranda yalitoka marefu, mepesi kama ganda la kitunguu, yakijikunja na kuanguka miguuni pake.

"Hivi ni vijiko," Umeme akamnong'oneza mkewe. Mazoea hayo.

Yule mwanamke alikuwa na masikio. "Nani kasema vijiko? Ni wewe mzee wa shati zuri? Njoo huku, njoo ushike."

Watu wakampisha. Umeme hakuwa mtu wa kukimbia kundi la watu. Akasimama, akavuta suruali juu, akaishika randa ya ukubwa wa kati, akaiweka juu ya ubao. Halafu akasubiri. Kidole chake cha shahada kilijikunja chini ya kishikio, kikapapasa, kikapapasa tena. Kilikuwa kinatafuta swichi.

Kundi zima likaangua kicheko. Mkewe naye alicheka mpaka akashika ubavu, na Umeme alipomwona hivyo, baada ya wiki nyingi za uso uliokunjamana, akajikuta anacheka pia.

"Usijali, baba," yule mwanamke alisema akifuta macho. "Mafundi wa mashine wote ndivyo mlivyo. Jana mmoja kaniuliza waya umechomekwa wapi. Haya, sukuma. Hii haijisukumi yenyewe."

Akasukuma. Randa ikarukaruka, ikauma ubao, ikakwama. Mara ya pili vilevile. Alikuwa anaikandamiza kote kwa uzito mmoja, kama alivyozoea na mashine yake, kisha anangoja ivute yenyewe. Mara ya tatu alisimama kidogo, akatanua miguu, na mikono yake ikakumbuka kitu ambacho kichwa kilishatupa zamani: mwanzo wa ubao uzito uwe mkono wa mbele, mwisho wa ubao uwe mkono wa nyuma. Baba yake mdogo alikuwa akimgonga vidole kwa rula kwa jambo hilo moja tu. Randa ikapita. Ikatoa sauti ndefu ya mpasuo laini, na ganda moja zima la mbao, toka mwanzo wa ubao hadi mwisho, likajikunja juu ya mkono wake.

"Ehee!" wakasema watu.

Akapiga tena. Yule mwanamke alimwonyesha skrubu ya kuteremsha kisu, akamwonyesha jinsi ya kukinoa juu ya jiwe, na Umeme, ambaye kwa kawaida hafundishwi na mtu, alisikiliza akiitikia kwa kichwa. Kundi likaondoka, jingine likaja. Ubao ukawa laini kiasi kwamba mwanga wa taa ulikaa juu yake.

"Sasa msasa," Umeme akasema.

"Msasa wa nini? Pitisha kiganja."

Akapitisha. Hapakuwa na cha kusugua.

Mkewe akaja karibu, akamgusa kiwiko. "Baba watoto."

"Nini?"

"Nusu saa nzima hujakohoa."

Umeme alitazama chini. Maranda yalimfika vifundoni, lakini juu ya viatu vyake vyeusi hapakuwa na hata doa la unga. Akavuta pumzi, kwa hadhari kwanza, kisha yote. Akamshukuru yule mwanamke wa aproni mara tatu, mara ya nne kwa mikono miwili. Alimshukuru pia marehemu baba yake mdogo, kimoyomoyo, na kumwomba radhi kwa zile randa nne. Waliondoka na randa mbili ndani ya mfuko wa mkewe. Mkasi hata hawakuutafuta.

Shemeji alipokuja mwisho wa mwezi na futi ya kupimia rafu zake, dada yake alimpokelea mlangoni. "Kaka, tafuta chumba kwingine. Hapa kuna fundi." Shemeji alinuna siku mbili, akapata chumba kizuri zaidi ng'ambo ya barabara.

Kazi haikuwa rahisi. Mbao alipasuliwa kwenye kiwanda cha mbao, za kukata alizikata uani kwa msumeno wa mkono upepo ukipita, na mlango uliomchukua siku moja zamani sasa ulimchukua siku nne. Mabega yalimuuma kama mwanafunzi. Wateja wengine walikwenda kwa mafundi wa haraka, wengine walipitisha viganja juu ya milango yake wakarudi na ndugu zao.

Miezi mitatu ikatimia. Daktari alimpa kile kibomba, akapuliza, akapuliza tena.

"Mapafu hayajawa mapya, wala hayatakuwa," daktari alisema. "Lakini hayajaharibika zaidi, na pumzi imeongezeka. Endelea na hizo randa zako."

Umeme akashangaa. "Umejuaje habari za randa?"

"Kwani mkeo hakukwambia? Alikuja hapa siku chache baada yako. Akanibana mpaka nikamweleza yote, hata ya mtungi. Wiki iliyofuata akarudi na vifurushi viwili vya karatasi. Kimoja unga aliofagia kwenye karakana yako, kingine maranda aliyoyaomba kwa seremala mmoja mzee wa mtaa wa pili, anayetumia randa za mkono. Akavifungua hapa mezani, akaniuliza, 'Daktari, kipi kati ya hivi kinaniulia mume wangu?' Nikamwonyesha unga. Akasema, basi, sasa najua pa kumpeleka."

Umeme alirudi nyumbani moja kwa moja. Alimkuta mkewe kwenye cherehani, anapinda mashuka ya mteja.

"Mama watoto."

"Abee."

"Vile vifurushi viwili."

Mguu wa mkewe ukasimama juu ya pedali. "Daktari yule ana mdomo."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeenda?"

Umeme akafikiri. "Nisingeenda."

"Haya basi."

Alitaka kusema maneno mengi, yeye mwenye maneno, lakini yakaja machache. "Asante, mke wangu. Umenirudishia kazi yangu. Umenirudishia na pumzi." Akaketi kwenye kiti cha wateja, akalia bila kujificha, na mkewe akalia naye, na hakuna hata mmoja wao aliyesingizia vumbi.