Leso Iliyofuliwa Alhamisi

Mwaka ule wa korona, mbega alianguka nyuma ya jiko langu wakati nilipokuwa nachambua mchicha. Nilisikia mlio juu kwenye waya wa stima, kama mtu apasuaye nguo nzito, halafu kishindo. Nilipotoka nilimkuta amelala mchangani, mweusi, mabega yana manyoya marefu meupe, mkono mmoja umeungua hadi unatoa moshi. Kifuani pake kulikuwa na kitu kidogo cheupe kama pamba. Nilidhani ni pamba kweli, mpaka ilipofumbua macho. Watoto wa mbega huzaliwa weupe pe. Weusi wa mama zao huja baadaye.

"Usimguse, bibi!" jirani yangu alipiga kelele kutoka uani kwake. "Maradhi haya yametoka kwa wanyama, hamsikii redioni?"

Sikumgusa. Nilimfunika kwa kivuli cha ungo nikasimama hapo mpaka watu wa kituo cha kuokoa wanyama walipokuja na wavu wao. Kituo kile kiko kwenye msitu wa ufuoni, Diani, si mbali na kwetu. Zamani ungewaona vijana wa Kizungu wa kujitolea wamejaa pale, wakikata majani, wakifunga ngazi za kamba juu ya barabara ili mbega wavuke. Mwaka ule walikuwa wameshaondoka wote na ndege za mwisho. Aliyekuja ni daktari wa wanyama, msichana wa bara, pamoja na mlinzi mmoja. Barakoa zao zilikuwa zimelowa jasho.

Daktari alimdunga yule mama sindano, kisha akanitazama mimi, akatazama kile kitoto.

"Shosho," aliniita, ndiyo bibi kwa lugha ya kwao, "umewahi kulea watoto?"

"Marahaba," nikamjibu, kwa maana hakuwa ameniamkia.

Aliona haya. "Shikamoo, shosho."

"Marahaba mwanangu. Nimelea wangu, nimelea wa wenzangu, na wote nawakumbuka majina, waliokua na waliokufa." Majina yenyewe sitayaandika hapa, kwa kuwa wenyewe hawakuniomba.

Akanieleza. Mama atalala kwa dawa siku kadhaa mpaka mkono utulie, na mtoto hawezi kunyonya maziwa yenye dawa. Kituoni wamebaki wachache, na kafyu inawafukuza kurudi makwao mapema, hakuna wa kukesha na kitoto. "Na mtoto wa mbega hakui kwa chupa, shosho. Tumejaribu miaka yote. Ni siku chache tu ataishi kwa maziwa yetu. Asiporudi kwa mamake, tumempoteza."

Ndivyo nilivyoanza kazi ya kujitolea, mimi niliyesoma mpaka darasa la tatu na chuo cha Kurani, katika umri ambao wengine hupumzika.

Sharti lake kubwa lilikuwa moja. Aliniomba leso, nikavua ile niliyojitanda, akaitandika kizimbani kule kituoni chini ya yule mama. Asubuhi ilitoka na mkojo, manyoya na majani yaliyotafunwa. "Mbebe kwa hii," alisema. "Mtoto akae ndani ya harufu ya mamake. Akirudi ananukia kitu kingine, mamake atamkataa. Isifuliwe, shosho. Hata maji yasiipitie."

Nilimfunga kifuani. Alikuwa mwepesi kama mkate wa mofa, na vidole vyake vilishika upindo wa leso bila kuachia. Nilimpa maziwa kwa bomba la sindano, tone moja moja, na kila tone nilisubiri nione koo likipanda na kushuka. Daktari alikuwa amenikataza kumpa jina. Wanaorudi porini hawapewi majina, alisema, maana ukimpa mnyama jina humwachii tena. Mimi sijui kumshika kiumbe asiye na jina. Nilimpa moja, la moyoni, na halikutoka mdomoni.

Siku zote zile niliishi na hofu. Niliogopa kumwambukiza. Niliogopa aniambukize nami niwapelekee wajukuu. Kila asubuhi nilipompeleka kituoni daktari alinielekezea kipimajoto kwenye paji la uso kama bastola, nami nilifumba macho kabla hajasema. Nikipaliwa na mate tu nilienda nyuma ya choo kukohoa, na nikirudi nilihisi watu wote wanahesabu pumzi zangu.

Nyumbani nako hakukuwa na utulivu. Mwanangu alikuwa mhudumu wa hoteli, na hoteli ilikuwa imefungwa. Alikaa barazani kutwa.

"Mama, maradhi haya yanachukua wazee, na wewe unabeba nyani."

"Si nyani. Ni mbega."

"Ndugu yake nyani."

"Basi ni ndugu yako pia, nawe nilikubeba."

Mkewe alicheka hadi akashika ukuta. Mkaza mwanangu huyu ni wa kijiji cha Munje, na miaka mingi alifanya kazi kwenye udobi wa hoteli hiyohiyo. Shuka alizofua yeye zilikuwa na weupe wa kuumiza macho. Tangu hoteli ifungwe, mikono yake ilikuwa haina pa kwenda. Alifua mapazia, alifua magunia, siku moja nilimkuta anafua kamba ya kuanikia.

Siku ya kwanza tu aliniona nikiitundika ile leso msumarini ili niswali.

"Mama, leta nikufulie."

"Ah, usijisumbue mwanangu. Iache hapohapo."

"Inanuka, mama."

"Iache tu. Hii si yako kuigusa."

Sasa ninyi mliozaliwa pwani mnajua maneno hayo yanavyosemwa. Mkwe mwenye adabu hamtwishi mkaza mwanawe uchafu wake. Husema acha, usijisumbue. Na mkaza mwana mwenye adabu haachi. Ukimwambia mgeni karibu chakula, atasema nimeshiba, nawe utampakulia. Nami nilisema acha kwa sauti ileile ambayo sote huisemea heshima. Sikumweleza sababu, kwa kuwa sikudhani ingehitaji sababu.

Alhamisi daktari alinipa habari mbili. Mama amezinduka vizuri, mkono unapona. Lakini amekataa kula. Majani mabichi anayapa mgongo, anakaa ameelekea ukuta. Akiendelea kufungiwa atakufa, kwa hiyo kesho Ijumaa atarudishwa mitini kwa wenzake, akiwa na mtoto au bila mtoto. "Kesho asubuhi tunamrudishia, shosho. Tuna nafasi hiyo moja."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimechoka. Nikamlaza kitoto kwenye kikapu karibu na chupa ya maji moto, nikatundika leso, nikaingia kuswali alasiri. Nilikaa juu ya mswala nikimuomba Mungu kwa muda mrefu kuliko kawaida, na nikiwa nimekaa palepale usingizi ukanichukua.

Niliamka kwa harufu nzuri. Udi.

Leso ilikuwa imekunjwa vizuri juu ya kitanda changu. Imefuliwa, imepigwa pasi, imefukizwa. Mkaza mwanangu alisimama mlangoni, uso umeng'aa kama ambavyo haujang'aa tangu hoteli ifungwe.

"Kesho Ijumaa, mama. Sikupenda uwe unaswali na najisi imetundikwa mbele yako. Mkojo wa mnyama ule. Nimeitia ndimu, haina hata doa."

Nilitazama mikono yake, vidole vimekunjamana kwa maji. Nikasema, "Mungu akuzidishie." Akaenda zake akiimba. Nami nikakaa kitandani nikainusa leso pindo kwa pindo, nikitafuta hata uvundo kidogo uliobaki. Hakuwa ameacha kitu. Yule ni fundi.

Asubuhi nilimbeba mtoto kwa leso hiyohiyo, kwa kuwa hakukubali kushika nyingine, na njia nzima niliona kama watu wote wa Ukunda wanaisikia ile harufu. Nilipofika nikamwambia daktari kabla hajaniamkia. Hakunigombeza. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akavuta barakoa hadi kidevuni.

"Udi," alisema.

"Na ndimu."

"Woi, shosho." Akainuka, akairudisha barakoa. "Kwetu kanisani wanafukiza hivyo hivyo. Ngoja tujaribu."

Tuliingia. Yule mama alikuwa kwenye tawi, ameelekea ukuta. Kitoto kilipomwona kilianza kulia, sauti nyembamba ambayo nilikuwa sijaisikia hata mara moja kwangu. Mama akageuka. Alishuka polepole, mkono mbovu ameukunja. Akanyoosha ule mzima, akagusa kichwa cha mtoto, akanusa vidole vyake. Akanusa tena. Kisha akamsukuma, akapanda tawini, akaelekea ukuta.



Daktari alimchukua mtoto haraka, akamvua leso akanitupia. Alikusanya takataka za sakafuni, majani yaliyotafunwa, kinyesi, nyasi zenye mkojo, akaanza kumpaka mgongoni. Nilipiga magoti nikapaka naye, kichwani, chini ya makwapa, katikati ya vidole, kwa kuwa mtoto mchanga hushika harufu penye mikunjo. Tulimpaka mpaka weupe wake ukawa rangi ya tope. Leso nayo nikaiburuta kwenye ule uchafu, sijui kwa nini, pengine kwa hasira.

Kisha akamweka kwenye tawi la chini. "Sasa toka, shosho. Nenda mbali. Anakuogopa, na mimi pia ananiogopa. Mimi nitachungulia kwenye tundu."

Nilikaa nyuma ya stoo ya majani. Kitoto kililia. Nilishika tasbihi lakini sikuweza kuihesabu, shanga zilinipita vidoleni. Kililia mpaka sauti ikakwaruza. Nilimuita kwa lile jina la moyoni, ndani kwa ndani. Nilimwambia asiache kulia, kwa maana nilijua akiacha huenda amekata tamaa.

Kisha akaacha.

Kimya kile sikukijua maana yake. Nilingoja hatua za daktari, hazikuja. Nikangoja. Nilianza kufikiria nitamwambia nini mkaza mwanangu, na nikaona hakuna neno ambalo lingeweza kutoka bila kumvunja.

Daktari alikuja taratibu, machozi yamelowanisha barakoa. Nilijua yamekwisha.

"Ananyonya," akanong'ona.

"Nani?"

"Shosho! Nani tena?"

Alasiri waliwaachia kwenye miti ile ile nyuma ya jiko langu, ambako wenzao walikuwa hawajahama. Mama alipanda kwa mikono mitatu, nikisema hivyo mtanielewa, na chini ya kifua chake kulikuwa na kile kidonge cha tope. Kundi lilimzunguka. Majike, mmoja baada ya mwingine, walimvuta mtoto wamnuse, na kila alipovutwa nilimfuata kwa macho mpaka arudishwe. Walipoingia ndani ya majani sikuwaona tena. Kama atafika kuwa mweusi sitajua ni yupi. Mpaka leo wakipita hutoka nikawatazama, na lile jina liko mdomoni, silitoi.

Mkaza mwanangu alisimama kando yangu. Aliitazama leso mkononi mwangu, jinsi ilivyokuwa, kisha akanitazama mimi.

"Ehee. Na juzi tu niliipiga pasi."

"Jana," nikasema.

"Leta, mama."

Safari hii sikumwambia asijisumbue. Nilimpa.