Mtani Niliyemfungia

Kikosi chetu kilikuwa na wachezaji wanne, sote wanawake, na mimi ndiye niliyekuwa na daftari. Tulicheza gemu ya vita ya kwenye simu jioni, kila mtu akishamaliza shughuli zake. Mimi nilichezea barazani kwangu Mafiga. Rafiki yangu, mkulima wa stroberi na kabichi wa huko mlimani karibu na misheni, alitafuta mtandao juu ya jiwe moja nyuma ya nyumba yao.

Daftari lilikuja kwa sababu ya kero. Wanaume tusiowajua wakisikia tu sauti ya mwanamke, wanaanza: nenda jikoni, nani kakuazima simu. Wengine walitupiga risasi mgongoni ilhali tuko upande mmoja. Nikaweka utaratibu. Kosa la kwanza naandika, la pili naonya, la tatu tunamripoti na kumfungia, wote wanne, asitusikie wala tusimsikie. Niliandika jina analotumia mchezoni, saa na maneno yenyewe, neno kwa neno. Utaratibu ulifanya kazi vizuri. Jioni zetu zikatulia.

Ndipo akaja huyu. Aliingia upande wa maadui, akatuacha sisi watatu, akamwandama mkulima peke yake.

“Wewe mchimba magimbi! Umejibanza hapo kama panya wa kabichi!”

Kesho yake tena: “Siku ukifa nitakuzika na jembe lako, usije ukakosa kazi huko uendako!”

Hilo la jembe lilinichefua. Mama yake rafiki yangu alikuwa amezikwa hata mwezi haujaisha. Niliandika, na kwa hasira onyo nikaliruka. Siku ya tatu alimwambia ana magoti ya mbuzi mzee, nikaona hesabu imetimia. Nilituma ripoti ndefu yenye nukuu zote. Asubuhi nikapita Mwembesongo, rafiki yangu anakouzia mboga siku za soko. Alikuwa anahudumia wateja. Nikamwomba simu, nikamfungia yule mtu na humo. Hakuniuliza nafanya nini. Kati yetu, mambo ya daftari yalikuwa yangu.

Baada ya siku chache akaunti ya yule mtu ilisimamishwa. Nilijisikia kama nimekamata mwizi.

Jumatatu rafiki yangu aliteremka kutoka mlimani akaja moja kwa moja kwangu, hata kapu hakutua.

“Mdogo wangu, yule bwana wa magimbi yuko wapi? Simpati.”

“Nilimfungia, dada. Wote tumemfungia. Hata akaunti imesimamishwa.”

Alikaa kwenye ngazi. “Umemfungia mtani wangu?”

Ukoo wao na ukoo wa yule bwana wanataniana tangu enzi za mabibi. Siku ya mazishi ya mama yeye ndiye aliyekaa kwenye mdomo wa kaburi akazuia jeneza lisishuke mpaka apewe kuku. Mimi nilifika kaburi limeshafukiwa, sikumwona. Sasa Jumamosi ilikuwa siku ya kuanua matanga, na hilo halifanyiki bila mtani. Familia ilikuwa imepanga tarehe jana yake tu. Simu ya yule bwana iliibiwa, namba yake ya zamani haipatikani, alichezea simu za kuazima, na tangu hapo waliongea humohumo kwenye gemu. Alichojua rafiki yangu ni kwamba siku hizi yuko Gairo, kwenye soko la mazao.

“Mama ataanuliwa tanga kama mtu asiye na watu,” alisema, akafuta macho kwa kanga.

Mimi ni Mluguru. Watani nimewaona misibani tangu utotoni, wakijipaka unga na kumwigiza marehemu anavyotembea. Ila sikuwahi kufikiri mtani anaweza kuja kwa mtandao.

Kumfungulia kwenye simu zetu ilikuwa kazi ya dakika moja. Wenye gemu ndio walionishinda. Fomu yao ilitaka nieleze kwa nini matusi hayakuwa matusi, katika kisanduku kisichozidi mistari mitatu. Niliandika kwamba kwetu mtu huyu ana haki ya kumtukana yule. Jibu lilikuja papo hapo, la mashine, likinishukuru kwa kusaidia kupambana na lugha chafu.

Alhamisi nikapanda basi la barabara ya Dodoma. Gairo sikumjua mtu. Nikamwendea mama mmoja muuza karanga.

“Namtafuta mtu mwenye mdomo, anacheza gemu ya vita.”

“Wenye mdomo hapa ni wengi, dada. Wa kugombana au wa kuchekesha?”

“Wa kuchekesha.”

Akanyoosha kidole kwenye lundo la magunia ya mahindi. Nilitarajia kijana. Nikakuta mzee mwenye mvi za kutosha, anashona magunia kwa shazia, ile sindano kubwa. Ikabidi nimwamkie.

“Shikamoo.”

“Marahaba. Magunia mangapi?”

“Sijaja kwa magunia. Matanga yanaanuliwa Jumamosi, na mimi ndiye niliyekuripoti.”

Aliiweka sindano chini. “Kumbe wewe! Mimi nilidhani ni yeye. Nikasema haya, tanga la mama halijaanuliwa, keshanikana.” Akaliona daftari mkononi mwangu. “Uliandika nini huko?”

“Nilinukuu.”

“Hebu nukuu.”

Nikamsomea, pale sokoni, mbele ya wapakiaji. Walicheka hadi mmoja akakalia mzani.

“Panya wa kabichi ni wangu, nakubali,” alisema mzee. “Na yeye kabla ya hapo alisema nini?”

Nikakumbuka. Rafiki yangu alimwambia pua yake ni pana kama sufuria ya msibani, ndiyo maana risasi haziikosi. Niliisikia kwa masikio yangu, nikadhani dada wa watu anajitetea.

“Hilo sikuandika.”

“Basi daftari lako lina jicho moja. Faini kuku wawili: mmoja wa kuripoti, mmoja wa kufungia. Jumamosi, sio? Mwambie huyo magoti ya mbuzi nakuja.”

Jumamosi, baada ya misa, tulipanga mstari kubeba vyungu na masufuria kutoka jikoni kwenda uwanjani. Katikati ya njia mzee alikuwa amelala chali, kanga ya marehemu kiunoni, macho ameyafumba. Hakuna aliyeweza kupita. Nikasogea mbele, nikamwekea kuku wangu wawili kifuani. Akafumbua jicho moja, akawapima kwa mkono.

“Wamekonda kama aliyewaleta.”

Rafiki yangu alikuwa nyuma yangu na sufuria ya wali kichwani. Tangu mazishi sikuwa nimemsikia akicheka kwa sauti. Alicheka mpaka wakamtua ile sufuria, akalia kidogo, kisha akamsukuma mzee kwa mguu.

“Amka wewe pua, ukateke maji. Wageni wa mama hawajanawa.”

Mzee akaamka, akachukua ndoo.