Kome Kumi na Mmoja

Mama yangu amefinyanga vyungu maisha yake yote, na ndani ya chungu hulainisha kwa gamba la kome wa mtoni, basi. Nimewahi kumletea kijiko, nikamletea na kipande cha plastiki kutoka sokoni hapa Likasi. Vyote aliviweka kando kwa adabu. Mwaka jana gamba lake la mwisho lilivunjika. Udongo ukakauka kwenye gunia, naye akawa anashinda mlangoni, mikono mitupu. Hilo lilinitia hofu.

"Unitafutie moja tu," aliniambia.

Mto wetu hauna kome tena. Utotoni tuliwapapasa matopeni kwa nyayo. Siku hizi maji yana rangi ya kutu, maana huko juu wachimbaji wanaosha mawe ya shaba mchana kutwa, na mimi nimechoka kulisema jambo hili kwa watu wanaotikisa kichwa na kwenda zao.

Mvuvi mmoja wa Ziwa Tshangalele akanielekeza kijito ambacho bado ni safi. Nilipapasa asubuhi nzima nikapata kome kumi na mmoja, wazima, wamejifunga kama watu waliokasirika. Mmoja angetosha. Lakini nikajitia ujuaji: nikawabeba wote kwenye ndoo, nikawaweka katika mto wetu, nyuma ya nyumba, wazaane, Mama asipungukiwe tena. Nilidhani kome ni kama kijiti cha muhogo, popote utakapokichomeka kitaota.

Siku ya nne walikuwa wamefunguka, wananuka.

Nilimpelekea Mama magamba kwenye beseni. Aliyahesabu kwa kidole.

"Ulikamata zote za kule?"

"Ndiyo, Mama. Zote."

"Miye nilikuombaka moja tu."

Niliona aibu mpaka nikashindwa kukaa. Yeye akachagua gamba moja, akaliosha, akapitisha kidole kwenye ukingo wake.

"Hii iko nguvu," alisema. "Nitakufa, yenyewe itabakia."

Akalowanisha udongo, akaanza kazi. Anafinyanga tena, polepole, na ningepaswa kufurahi.

Nimerudi kwenye kijito kile mara tatu. Napapasa hadi vidole vinakufa ganzi, sipati hata kome mmoja, ni mawe tu. Magamba yaliyobaki Mama ameyafunga kwenye kitambaa, akanipa mimi, nisiyejua kufinyanga.