Mkungu wa Wageni wa Dada

Jumamosi. Asubuhi mvua, baadaye jua kidogo.

Mwalimu wetu wa mieleka ya Kichina pale Hamugembe alituagiza tufanye mazoezi nyumbani: zungusha mkanda kwenye nguzo imara, geuka, vuta kama unamtupa mtu. Hakusema mgomba, kosa ni langu kuuzungusha kwenye mgomba wetu. Ulipoanguka nilijiona bingwa, kumbe ndio uliobeba mkungu ambao mama aliwatunzia wageni wa posa ya dada Adventina, wiki ijayo.

Nikamwambia mama ni upepo.

Akatazama tope kuzunguka shina. "Waitu, jamani, upepo huu unavaa ndala?"

Adventina akauliza taratibu, "Sasa tutawapikia nini?"

Jioni tulikula ndizi hizo changa kwa maharage. Adventina hakugusa sahani yake.