Maji Yaendayo Iskandaria

Baridi ya mwaka ule ilipokataa kuondoka Rågsved, mtaa wetu huku Uswidi, mimi na mume wangu tuliamua kwenda kupumzika siku chache, sisi wawili tu. Rafiki yangu Mkongo wa mtaa wa Vårby gård alikubali kukaa na watoto wetu.

"Nendeni tu, dada," aliniambia. "Mkibaki mtazeeka mbele ya televisheni."

Mimi nilikuwa nimekwisha kuchagua. Wauguzi wenzangu walirudi kila mara kutoka visiwa vya Hispania wakiwa wekundu na wenye furaha, na mimi, mtu wa Tanga, nilitamani bahari ya vuguvugu kama mjamzito atamanivyo udongo. Nikatandaza vijitabu vya safari juu ya meza ya jikoni, kando ya ndizi alizokuwa akimenya mume wangu.

"Baba, chagua hoteli."

Hakuvitazama. "Mimi nataka Iskandaria."

"Misri? Kuna nini huko?"

"Mji wa kale. Bahari. Samaki." Akamenya ndizi nyingine. "Na maji ya kwetu."

"Maji gani ya kwenu?" nikauliza.

"Shule yetu ilikuwa Jinja, karibu na pale Nile inapotoka ziwani. Tulikuwa tunatupa majani mtoni, mwalimu anatuambia yatafika Misri. Nyumbani siwezi kurudi sasa, mama. Lakini huko yanakoishia naweza kufika."

Alikuwa mkimbizi tangu kabla hatujaoana. Habari za vita vya Uganda alizisikiliza redioni, kisha akazima. Ya Jinja ya utotoni hakuwahi kunisimulia hata siku moja. Nilivikusanya vijitabu vyangu.

"Hoteli iwe ufukweni," nikasema. "Na siku moja nzima nilale juani, usiniburute kwenye magofu."

"Hata mbili," akajibu, akicheka.

Binti wa ofisi ya safari alitueleza kwamba tungeshukia Kairo, kisha tupande treni. Hofu yetu ilikuwa viza, maana hati ya kusafiria ya mume wangu ilikuwa ya mkimbizi. Vijitabu vya Hispania sikuvitupa. Nilivificha chini ya mashuka, kwa tahadhari.

Viza ilitoka theluji ikianza kuyeyuka. Mume wangu, aliyekuwa akipakia mizigo ya watalii uwanja wa ndege, aliingia bado amevaa koti la kazi, akanishika kiuno, tukacheza pale pale jikoni bila muziki. Tulikuwa hatujacheza tangu harusi.

Jioni ile alifungua ramani sakafuni. Binti yetu akaufuata mto kwa kidole, kutoka ziwani mpaka baharini, akauliza kwa Kiswidi kama baba yake ataogelea huko.

"Nitayasalimia kwanza," akamjibu kwa Kiswahili.

Mtoto alicheka mpaka akalala juu ya Sudani. Mimi nilikwenda chumbani, nikatoa nguo mpya ya kuogelea, nikaijaribu juu ya sweta.