Mshono Uliomkera Bwana Harusi

Miaka ishirini na sita Mama Pindo alishona nguo za watoto wachanga, mpaka cherehani yake ikawa kama inaitikia mguu kabla haujakanyaga. Sasa, kwa rehema za Mungu, anashona ngozi ya roboti.

Ndiyo, ngozi! Laini kama ndewe ya sikio, na ndani yake zimelazwa nyaya nyembamba kama unywele, ili roboti akishika kitu ajue ameshika. Pale karakanani walimpachika jina la Bwana Harusi, maana kutwa nzima amesimama wima, haketi wala hatabasamu.

Taabu ilikuwa mkono wake wa kulia. Ukimpa kikombe anakigusa tu, hakikamati sawasawa, mara paa! Kiko chini. Vilishavunjika tisa.

"Mama," mhandisi wa karakana alimwambia asubuhi moja huku akifagia vigae, "wageni kutoka nyumba ya wazee wanafika saa nane kumjaribu Bwana Harusi. Akiangusha tena mbele yao, bosi ataagiza ngozi za kiwandani."

Yaani Mama Pindo arudi nyumbani. Akaomba kimoyomoyo, akaivua ile ngozi kama soksi, akaingiza kidole chake mwenyewe. Kwenye ncha, mshono ukamkwaruza.

"Mwanangu, hivi huyu anahisi hata kwa ndani?"

"Anahisi popote anapobanwa."

"Ndo hapo sasa! Mshono unambana, naye anadhani ameshakikamata kikombe barabara, haongezi nguvu. Mtoto mchanga angelia. Huyu maskini hana hata mdomo wa kulilia."

Akafumua vidole vyote vitano, akavishona upya kama fulana ya kichanga: mshono nje, tena upande wa kucha.

"Utaonekana, mama!"

"Na uonekane. Kwani anakwenda kuoa kweli?"

Saa nane mzee mmoja akampa Bwana Harusi kikombe cha chai. Vidole vikajikunja taratibu, vikakaza, vikatulia. Halikumwagika hata tone. Mzee akakipokea kikombe chake, kisha akaushika ule mkono, akausalimu.

"Jamani, laini kuliko wa mke wangu!"

"Basi kuanzia leo akufulie yeye," mkewe akamjibu, na karakana nzima ikaangua kicheko.

Mhandisi alikuwa ameshakivuta kiti cha Mama Pindo hadi dirishani penye mwanga. Mezani akamwekea mkono wa kushoto wa Bwana Harusi, nao aushone vivyo hivyo.

"Ahsante, Mungu wangu," Mama Pindo akanong'ona, akalamba ncha ya uzi.